Shotgani ya gesi au ya inesha: ipi haitakuangusha ukiwinda ndege?

Anayetafuta shotgani ya kujikoki yenyewe kwa ajili ya ndege hana haja ya kuuliza kama itatoa risasi ya kwanza. Hata bunduki mbovu huitoa ya kwanza. Swali ni la pili na la tatu. Bata wakishasikia mlio hupanda kwa nguvu, na katika sekunde hizo chache ganda tupu linatakiwa liwe limetemwa, risasi mpya imeingia chemba na boliti (kipande cha chuma kinachoziba nyuma ya chemba) imefunga sawasawa. Hatua moja ikigoma, ndege wameshakwenda.

Ushauri mwingi unaotolewa kuhusu jambo hili huishia kwenye jina la kampuni: nunua Benelli, nunua Beretta, usiguse za Uturuki. Jina lina uzito wake, lakini halijibu swali. Bunduki ileile inayofanya kazi bila kosa kwenye vinamasi vya Arkansas, Marekani, mwezi Desemba inaweza kumsumbua mwenye nayo mwezi Septemba akiwa kwenye shamba la alizeti anawinda njiwa. Kinachoamua ni mambo matatu yakikutana: mtambo ulio ndani, nguvu ya risasi unazonunua, na tabia yako ya kusafisha. Ndiyo maana nalinganisha mitambo miwili, wa gesi na wa inesha (inertia), kwanza, majina ya bunduki baadaye.

Namna zinavyojikoki

Kwenye shotgani ya gesi, mtutu una tundu moja au zaidi upande wa chini. Marisau (vigololi vidogo vya ndani ya risasi) yakishapita hapo, sehemu ya gesi ya baruti hupenya kwenye tundu na kusukuma pistoni iliyokaa kwenye bomba la magazini, nayo pistoni huirudisha boliti nyuma. Remington 1100, iliyotoka mwaka 1963, ndiyo iliyowazoesha wawindaji wengi wa Marekani mtambo huu, na mamilioni yake yameuzwa. Za siku hizi ni Beretta A300 Ultima na A400, Winchester SX4, Browning Maxus na Mossberg 940.

Mtambo wa inesha ulitoka Italia. Benelli ilianzishwa Urbino mwaka 1967, na fundi Bruno Civolani ndiye aliyeipa kampuni hiyo wazo lililoijengea jina. Humu hamna matundu wala pistoni. Kati ya mwili wa boliti na kichwa chake kuna springi fupi, nene. Bunduki inapopiga teke kurudi nyuma, boliti nzito hubaki pale ilipokuwa kwa muda mfupi mno, na springi inabanwa. Marisau yakishatoka mdomoni na shinikizo likashuka, springi inajikunjua, kichwa cha boliti kinazunguka na kufunguka, ganda linatemwa. Ndivyo zinavyofanya kazi Benelli M2, Montefeltro na Super Black Eagle, pamoja na Franchi Affinity, Stoeger M3000 na Browning A5 mpya iliyotoka mwaka 2012.

Hiyo A5 mpya isichanganywe na Auto-5 ya zamani. Auto-5 ni kazi ya John Browning mwenyewe, mbunifu wa bunduki wa Marekani, na mtutu wake wote hurudi nyuma pamoja na boliti. Alishindwa kuelewana na Winchester, akaipeleka Remington, na mkuu wa kampuni hiyo, Marcellus Hartley, akafariki Januari 1902 kabla hawajakutana. Browning akavuka bahari hadi Ubelgiji, kiwanda cha FN kikaichukua, na ikaendelea kutengenezwa hadi mwaka 1998. Bado ziko nyingi kwenye makabati ya watu na bado zinaua bata. Ila ina pete za msuguano kwenye bomba la magazini, na mpangilio wake hubadilishwa kulingana na risasi nyepesi au nzito. Pete zikipangwa vibaya kwa risasi nzito, mtutu hurudi kwa kishindo na mbao za mbele hupasuka. Zikipangwa vibaya kwa nyepesi, ganda halitoki. Tangu mwanzo kabisa, basi, kutokukwama kulitegemea bunduki na risasi kuelewana.

Matope, maji na baridi

Hapa inesha inaongoza, na sababu yake unaiona ukiifungua bunduki baada ya siku ndefu. Toa kishikio cha mbele cha bunduki ya gesi: pistoni imevaa masizi meusi, magumu, na bomba la magazini lina ukoko unaokwaruzika kwa ukucha. Fungua ya inesha: pale mbele ni pasafi, kwa sababu gesi yote imetokea mdomoni. Mtu anayewinda wiki nzima akirudi usiku amechoka, asiyefungua bunduki yake hadi msimu uishe, anastahili kuwa na inesha. Masizi peke yake hayaikwamishi bunduki ya gesi iliyotengenezwa vizuri, lakini masizi yakichanganyika na oili nyingi, kisha baridi ya kugandisha ikaingia, huwa gundi.

Tena kwa wawindaji wa bata wa Marekani, sheria yenyewe imeusaidia mtambo huu. Tangu mwaka 1991 marisau ya risasi nyeusi (madini ya lead) yamepigwa marufuku nchi nzima kwa ndege wa majini, kwa hiyo watu hutumia marisau ya chuma. Chuma ni chepesi kuliko risasi nyeusi, na watengenezaji hufidia kwa kuyarusha kwa kasi zaidi. Risasi hizo za bata zina teke la kutosha, na teke ndilo chakula cha inesha.

Lakini inesha ina ugonjwa wake, na kila mwindaji wa bata aliyekaa kwenye misitu iliyofurika karibu na Stuttgart, Arkansas, ameusikia. Mtu amesimama maji yakimfika mapajani, bado giza. Hataki kelele, kwa hiyo badala ya kuiachia boliti ijifunge kwa nguvu ya springi, anaisindikiza kwa mkono polepole. Kichwa cha boliti hufunga kwa kuzunguka, na mzunguko huo unataka kasi. Kikisindikizwa kinaweza kusimama kidogo tu kabla ya kufunga kabisa. Gizani inaonekana imefungwa. Bata wanashuka na mbawa zimetandazwa, anavuta kifyatuo, anasikia klik. Hakuna mlio. Hali hiyo hutokea pia ukijikwaa na kuigonga bunduki kitako chini, au kishikio cha boliti kikikwaruzwa na tawi.

Dawa yake ya kwanza ni mazoea. Boliti iachiwe ijigonge yenyewe, kelele na iwe kelele, na kila baada ya kupanda kwenye boti au kuruka mtaro sukuma kishikio cha boliti mbele kwa kidole gumba. Dawa ya pili imetoka kiwandani: Super Black Eagle 3 ya mwaka 2017 ina kijipini chenye springi kinachosaidia kichwa cha boliti kumalizia mzunguko wake. Anayechagua kati ya Super Black Eagle 2 iliyotumika na toleo la 3, kwangu mimi hiyo ndiyo tofauti yenye thamani. Mengine ni maumbo.

Baridi kali haimwonei mtu huruma, uwe na gesi uwe na inesha. Wanaowinda bata bukini Dakota Kaskazini huondoa mafuta yote ya kiwandani kwenye boliti kabla ya msimu na kuacha unyevunyevu tu wa kilainishi chepesi, au kilainishi kikavu. Bunduki mpya iliyotoka dukani na grisi yake ya kuzuia kutu ikapelekwa moja kwa moja kwenye barafu itakwama, na mtengenezaji atalaumiwa bure.

Risasi nyingi, risasi nyepesi

Nenda sasa Córdoba, Argentina. Njiwa wa huko wako kwa mamilioni, wanakula nafaka za wakulima, na hakuna kikomo cha idadi. Mgeni mmoja anaweza kufyatua risasi elfu moja au zaidi kwa siku. Hakuna mahali pengine bunduki za ndege zinapochoshwa kiasi hicho, na anayetaka kujua uimara wa kweli ataangalia kambi za huko zinakodisha nini. Utakuta Beretta za gesi na Benelli za inesha, zote mbili, nyingi zikiwa geji 20 (mtutu mwembamba kuliko wa geji 12). Na husafishwa na mafundi wa kambi jioni zinaporudi. Hilo la mwisho watu hulisahau wanaposimulia kwamba bunduki fulani ilipiga maelfu bila kukwama.

Mtu atauliza: kama inesha inataka teke, inawezaje kula risasi nyepesi ya geji 20 yenye marisau ya gramu 24? Jibu liko kwenye uzito wa bunduki. Montefeltro ya geji 20 ina uzito wa kilo 2.5 hivi. Bunduki nyepesi hivyo hurudi nyuma kwa urahisi hata kwa risasi ndogo, kwa hiyo springi inabanwa ipasavyo. Chukua sasa inesha ya geji 12 yenye kilo 3.2, uilishe risasi za bei nafuu za gramu 24 zinazotengenezewa shabaha. Hapo ndipo magumu yanapoanza: ganda linatoka kivivu, linabanwa na boliti kabla halijaondoka, au linaangukia kwenye kiatu chako. Benelli wenyewe huweka kima cha chini cha risasi kwa bunduki zao za geji 12, gramu 32 hivi, na zikiwa mpya hazitaki mzaha na kima hicho. Zikishapigwa risasi nzito boksi kadhaa, hulegea na kukubali nyepesi zaidi.

Gesi haina wasiwasi huo kwa kiasi kikubwa. A400 na SX4 zina vali inayoachia gesi iliyozidi, hivyo tundu linaweza kufanywa kubwa vya kutosha kwa risasi nyepesi bila risasi nzito kuivunjavunja bunduki. Ukiwinda njiwa kwa risasi za gramu 28 za duka la kawaida, kisha mwezi Desemba ukabadilisha kwenda risasi za chuma za urefu wa inchi 3, hushughuliki na lolote. Na bega litakushukuru. Gesi husambaza teke kwa muda mrefu kidogo, na tofauti hiyo huihisi mtu ifikapo boksi la nne la siku. Bega lililochoka hulegeza mshiko, mtu anaanza kurusha ovyo, na njiwa anajeruhiwa badala ya kufa papo hapo. Kwa hiyo ulaini wa teke si anasa. Unamhusu ndege pia.

Gharama yake ni usafi. Baada ya risasi mia chache, fungua mbele, futa pistoni, kwangua ukoko, paka oili kidogo sana. Dakika kumi zinatosha.

Ukiiongezea mizigo

Kuna jambo moja linaloeleza mengi kuhusu inesha. Benelli walipotengeneza shotgani ya jeshi la Marekani, ile M4 iliyochukuliwa mwaka 1999 kwa jina la M1014, waliachana na mtambo wao maarufu wakatumia gesi. Bunduki ya kijeshi hubebeshwa tochi, darubini, reli na risasi za akiba, na kila gramu inayoongezwa hupunguza mwendo wa bunduki kurudi nyuma. Mwindaji wa ndege hana tochi, lakini ana magazini ya kurefusha kwa ajili ya bata bukini weupe, ana mkoba wa risasi aliougandisha kwenye kitako, ana darubini ya nukta nyekundu. Vitu hivyo vikishakuwa vingi, chagua gesi. Vilevile ukipenda kupiga ukiwa umeegemeza kitako kwenye shina la mti au ukingo wa boti: bunduki ya inesha isipopata nafasi ya kurudi nyuma, haijikoki.

Mtego wa inchi tatu na nusu

Wanunuzi wengi huchukua toleo linalokubali risasi za inchi 3½ kwa kuwa tofauti ya bei si kubwa na wanaona wamepata zaidi. Fikiria kwanza. Bunduki hiyo inabidi ihimili risasi kubwa kabisa na bado ijikoki kwa risasi ndogo ya inchi 2¾. Boliti yake ina safari ndefu zaidi na springi zinapimwa kwa anuwai pana. Inapokosea, mara nyingi hukosea upande wa risasi ndogo. Kwa njiwa, kwale na bata wa kawaida, toleo la inchi 3 ndilo linalotulia. Inchi 3½ mwachie anayewinda bata bukini kila wiki na bega lake linavumilia.

Bei ndogo na zilizotumika

Kwa bei za Marekani, Super Black Eagle 3 na A400 Xtreme Plus zinacheza karibu na dola 2,000. A300 Ultima, inayotengenezwa Gallatin, Tennessee, inapatikana kwa kama nusu ya hapo, na SX4 iko jirani yake. Stoeger M3000 ya Uturuki iko chini zaidi. Stoeger iko ndani ya kundi la Beretta pamoja na Benelli na Franchi, na mtambo wake ni ule ule wa inesha, hivyo si bunduki ya kubahatisha. Kinachokosekana ni ulaini wa umaliziaji: kingo za ndani zina ukali, mlango wa magazini hung'ang'ania kidole, na inahitaji risasi nzito mwanzoni ili ijizoeze. Nikiwa na dola elfu moja ningechukua A300 Ultima bila kusita. Nikiwa na mia sita au saba, na ni kwa bata tu, ningechukua Stoeger na kuitembezea mswaki na oili kabla ya msimu.

Shotgani za Uturuki zenye majina yasiyojulikana ni habari nyingine. Nyingine hufanya kazi vizuri. Tatizo linakuja miaka mitatu baadaye springi ikivunjika na mwagizaji ameshabadilisha jina. Bunduki isiyo na vipuri haitegemeki, hata kama haijawahi kukwama.

Kwa iliyotumika, Remington 1100 bado ni chaguo zuri sana. Angalia oringi (pete ya mpira) iliyo mbele ya pistoni. Ikikauka na kupasuka, gesi huvuja na bunduki huanza kutema maganda kivivu, na mwenye nayo hudhani imekufa. Oringi ni kitu cha bei ndogo sana. Weka mbili kwenye mfuko wa koti. Angalia pia maandishi ya mtutu: mtutu wa Magnum (wa risasi nzito) una mpangilio tofauti wa matundu, na haupendi risasi nyepesi za shabaha.

Kwa bunduki yoyote iliyotumika, gesi au inesha, muulize muuzaji kama springi ya kitakoni imewahi kutolewa. Beretta na Benelli nyingi zina springi ya kurudisha boliti ndani ya bomba lililojificha kwenye kitako. Maji ya kinamasi huingia humo na kukaa. Mtu anasafisha mbele kila wiki, kumbe kutu inakula nyuma, boliti inafunga polepole, na lawama zinaenda kwa risasi. Franchi Affinity imeiweka springi hiyo mbele, kuzunguka bomba la magazini, mahali unapoiona kila unapofungua. Kwa anayewinda kwenye maji ya chumvi, nalihesabu hilo kuwa faida kubwa kuliko rangi yoyote ya kuzuia kutu.

Vipi pampu?

Bunduki ya pampu, kama Remington 870 au Mossberg 500, hukokiwa kwa kuvuta kishikio cha mbele, na haitegemei teke wala gesi. Mkono wako ndio mtambo. Itafanya kazi na risasi yoyote, chafu au safi. Lakini mkono ukiwa umekakamaa kwa baridi, na msisimko umepanda, watu huishia kuvuta nusu safari na kuikwamisha wenyewe. Shotgani ya mitutu miwili haikwami kabisa, ila ina risasi mbili tu. Kwa bata, risasi ya tatu ina thamani ndogo kuliko watu wanavyodhani.

Na hiyo ya tatu ndiyo ya mwisho kisheria katika nchi nyingi. Marekani, tangu mwaka 1935, shotgani ya kuwindia ndege wahamao haitakiwi kubeba zaidi ya risasi tatu, isipokuwa kwenye misimu maalumu ya bata bukini weupe, ndiyo maana zinauzwa na kijiti ndani ya magazini. Uingereza, shotgani yenye magazini ya zaidi ya risasi mbili huhitaji kibali kizito zaidi. Kwa aliye Tanzania, kibali cha kumiliki silaha na ruhusa ya kuwinda ni vitu viwili tofauti. Ulizia vyote viwili kabla hujalipa hata senti ya malipo ya awali.

Kabla ya kwenda nayo porini

Ukishachagua, nunua boksi mbili za risasi zile zile utakazowindia, si za bei nafuu za kujaribia. Angalia sehemu ya chuma ya ganda: shaba halisi hulegea na kutoka kirahisi kwenye chemba, chuma kilichopakwa rangi ya shaba huvimba na kung'ang'ania, hasa mtutu ukipata moto. Kaza kofia ya magazini, maana ikilegea bunduki nzuri kabisa huanza kukohoa. Kisha fyatua tatu tatu, haraka, na mwenzako asimame nyuma yako aangalie maganda yanaangukia wapi. Yakiruka mita mbili au tatu na kuangukia eneo moja, mtambo uko sawa na risasi hizo. Yakidondoka karibu na miguu, au moja mbali na jingine karibu, badilisha risasi kwanza kabla hujairudisha bunduki dukani.